Mdomo wa Nyumba

Kitendawili, wewe uliyejikunyata hapo karibu na jiko! Mmoja anatafuna, mwingine anaonja. Mmoja anaagiza, mwingine anavimba. Ni akina nani hao?

Fikiri. Usinitazame usoni, jibu halijaandikwa usoni kwangu. Mapacha? Si mapacha. Kupe na ng'ombe? Umepapasa karibu, ila kupe hampendi ng'ombe, na hawa walipendana sana. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Hapana, Dodoma sitaki, Dodoma nimeshapewa na watoto wengi hata sijui nimpangishe nani. Nipe mji ambao bado haujajengwa. Umenipa? Nimeupokea. Nimekwenda, nimekaa, nimekula vya huko mpaka nikaogopa, na sasa narudi na jibu lako.

Mji wenyewe uliitwa Chibwelu, juu kwenye nyanda kavu za Ugogo. Asubuhi moja Bibi Sechelela alikuwa amekaa kibarazani kwake kwenye kigoda, bakuli la uji wa Kituo cha afya mapajani. Uji ule ulikuwa wa kijivu. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mwili wa mzee mwenye kisukari unakitaka: uwele, dengu, majani ya mlonge yaliyosagwa, mafuta ya alizeti kidogo, chumvi ya kupimwa. Na haukuwa na ladha hata ya maji. Lakini Sechelela aliumeza amefumba macho, anatabasamu, kwa sababu mdomoni mwake mlijaa andazi la moto lililochovywa asali.

Andazi lenyewe lilikuwa jikoni, kinywani mwa mjukuu wake.

"We mke mwenzangu!" aliita. "Mbona unakula kama mtu anayechungulia? Tafuna, asali ifike pembeni mwa ulimi."

"Babu alisema mimi ndiye mke mdogo, nisisumbuliwe," Nyemo alijibu kutoka ndani, mdomo umejaa.

"Babu yako angekuona unavyotafuna angekurudisha kwenu."

"Kwetu si ndiyo hapa hapa?"

Sechelela alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye khanga. "Ongeza," akasema.

"Bado tu, Bibi?"

"Unanihesabia? Ongeza."

Nyemo akaongeza. Huko Chibwelu mdomo wa nyumba hausemi basi.

Nikueleze, maana kwenu haya hayajafika. Miaka ile, baada ya vizazi viwili vilivyolelewa kwa soda na vitu vya kukaanga, mzee asiyekatazwa sukari alikuwa amekatazwa chumvi, na asiyekatazwa chumvi alikuwa amekatazwa nyama, na wengi walikatazwa vyote. Walipewa uji wa Kituo. Wakaukataa, wakakonda, wakafa kwa kususa, wakati dawa ya kuwaponya iko kwenye bakuli mbele yao. Ndipo mafundi wakatengeneza punje, ndogo kama chembe ya ulezi, ya kutiwa chini ya ulimi. Mzee alitiwa moja na kijana wa nyumba yake akatiwa nyingine. Anachoonja kijana, mzee anakionja huku anameza uji wake. Na anachoagiza mzee, "ongeza" au "basi", kijana anakisikia kwenye taya, kama mkono unaosukuma. Huyo kijana ndiye mdomo wa nyumba. Ilikuwa heshima, walivishwa shanga siku ya kutiwa.

Punje zilipitisha ya mdomoni tu, ladha na mguso. Shibe haikupita. Shibe hukaa tumboni, na tumbo lilibaki la kijana. Ulimi wa Sechelela ungeweza kula kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama usijue kwamba kuna mahali chakula kinaangukia.

Kulikuwa pia na neno la kufunga punje moja kwa moja, isifunguke tena: "nimeshiba". Lilifanya kazi likitoka kwa mzee peke yake. Kwenye mkutano wa kuzipokea punje hizo fundi mmoja mgeni alishauri kijana naye aweze kufunga akizidiwa, na ukumbi mzima ukaguna. Mtoto amfunge mkubwa mdomo? Kwani anamfukuza mezani? Wazee wakapiga makofi shauri lilipokataliwa, na Sechelela alikuwa mmoja wa waliopiga kigelegele.

Aliposema "basi", Nyemo alitoka jikoni anafuta mikono, akachukua kata, akanywa maji. Akanywa tena. Akarudi mtungini. Miguu yake, ambayo zamani ilikuwa kama ya swala, ilikuwa imejaa kwenye vifundo hata kandambili zilimwacha alama. Alikaa chini, akaegemea ukuta penye jua, na kabla hajamaliza kusema anakwenda shambani kwenye zabibu, usingizi ukamchukua.

"Kijana mzima analala saa za kazi," Sechelela alisema, lakini kwa sauti ya chini. Alimwondoa nzi usoni.

Ndipo mdomo wake ukajaa majivu.

Alitema. Mate yalitoka meupe, safi. Ladha ikabaki pale pale, majivu makavu ya jana, halafu kipande cha mkaa kikasagika kwenye mafizi yake yasiyo na meno, chwa, chwa, chwa. Aligeuka haraka kumtazama Nyemo. Midomo ya msichana ilikuwa imefungana. Alikuwa anapumua kwa pua, taratibu, taya limetulia.

Chwa, chwa. Kuna mtu alikuwa anakula.

*

Baada ya mkaa ukaja udongo. Huu Sechelela aliujua. Ulikuwa na moshi ndani yake, na samadi, na chumvi ya mbali ya ng'ombe waliosugua ubavu hapo miaka na miaka. Ladha ya ukuta wa tembe, nyumba zetu za zamani za udongo, huijui kama hukuzaliwa ndani ya tembe. Watoto wa zamani, damu ikiwapungua, waliulamba kwa siri mpaka wakapigwa. Na mtaa ule ulikuwa umebaki na tembe moja tu, ya Mzee Yoram, aliyekuwa amezikwa juzijuzi.

Alichukua fimbo yake akaenda. Jua lilikuwa la utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu, upepo unaburuta vumbi barabarani. Alipopita akaona milango ya majiko yote imefungwa kwa kufuli. Mchana kweupe! Jirani mmoja alikuwa anaingiza ndani hata pumba za kuku.

"Mbukwa, mama," Sechelela alimsalimu. "Mnamwogopa nani?"

Yule mwanamke alionyesha kwa kidevu upande wa tembe, akaingia ndani, akaburuta kitu kizito nyuma ya mlango.

Nyuma ya tembe, Malogo alikuwa amepiga magoti. Malogo mjukuu wa Yoram, kijana mpole ambaye zamani akipita na toroli husimama kusalimia hata mbuzi. Mikono na miguu yake ilikuwa imekauka kama vijiti vya kuchomea mishikaki, na katikati tumbo limesimama, gumu, linang'aa. Ukuta mbele yake ulikuwa na shimo la kuingia kichwa. Alivunja bonge, akaliweka mdomoni kwa adabu, kwa mkono wa kulia, akatafuna. Sechelela alipofunga kinywa alisikia bonge lile lile likimomonyoka juu ya ulimi wake.

Yoram alifia mezani. Wote walilijua hilo. Alikuwa anakula mbavu za mbuzi kwa mdomo wa Malogo, akasema "ongeza", akainamisha kichwa, akakata roho. Msibani Malogo alikula makande, wapishi wakasema ni uchungu, kila mtu na kilio chake. Alikula ya watu waliokuja na ya watu wasiokuja, mpaka wapishi wakaanza kutazamana. Siku ya kuanua tanga alikutwa anatafuna mkeka.

"Malogo," Sechelela aliita. "Mwanangu, acha."

Kijana aligeuka. Macho yake yalimpita Sechelela yakatua nyuma ya bega lake, mahali ambapo mtu mrefu angesimama. Udongo ulimtoka pembeni mwa midomo pamoja na mate.

"Umeshiba, Babu?" aliuliza.

Aliuliza kwa heshima zote, kama mtoto aliyeshika birika anayesubiri kunawisha mkubwa mikono. Sechelela aligeuka kutazama nyuma, hapakuwa na mtu. Yeye si babu yake. Aliondoka kinyumenyume, fimbo ikamponyoka, hakurudi kuiokota.

*

Daktari Ndahani wa Kituo alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mazoea ya kukaa chini na wagonjwa, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza. Kwanza alimchoma Nyemo kidole, akatazama kipimo, akakigeuza kana kwamba upande wa pili utakuwa na habari nzuri zaidi.

"Sukari imepanda, binti. Kiu unayo? Usiku unatoka mara nyingi? Macho yanafifia?"

"Kidogo tu," Nyemo alisema, na kwa namna alivyovuta gauni kufunika vifundo, bibi yake alijua si kidogo.

Kisha Sechelela akasimulia habari ya majivu. Daktari alisikiliza, akavua miwani.

"Punje iliyoachwa wazi hutafuta," alisema. "Mzee akifa kabla ya kuifunga, ile ya kijana inabaki na neno la mwisho alilolisikia, na inatafuta wa kumpelekea ladha. Ya Malogo imetafuta mtaa mzima. Wewe na marehemu mlitiwa siku moja, punje za kopo moja. Imekupata wewe."

"Basi itoeni."

"Imeshikana na mishipa ya fahamu ya ulimi. Tukiikata, tunakata na uwezo wa kumeza. Bibi, tumejaribu. Tukimlisha mboga na uji mwepesi, hajui kuacha, tumbo litapasuka. Tukimnyima, anakula ardhi. Tulimfunga mikono, akaanza kutafuna ulimi wake, tukamfungua. Hana siku nyingi."

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Nyemo alimtazama kuku, akatazama chini.

"Sasa kwa kuwa ameingia kwako," daktari aliendelea, polepole, "naamini wewe unaweza kumfunga. Ukilisema lile neno. Lakini punje yako ina mlango mmoja. Ukiufunga, umemfunga Malogo, na Nyemo pia. Na ulimi wako mwenyewe umelala miaka yote hii chini ya punje, hautaamka. Hutaonja tena kitu. Sitakulazimisha, na sheria hairuhusu nikulazimishe."

"Hapana," Nyemo alisema kabla bibi hajavuta pumzi. "Daktari, samahani, hapana. Bibi Mchiwa wa kule bondeni punje yake iliharibika. Uji ukawa kwake kama maji ya kuoshea vyombo. Si mlimbembeleza? Si mlileta mpaka mchungaji? Alisusa, akaisha kama sabuni. Mimi miguu hii itapona. Bibi yangu sitamzika kwa njaa huku bakuli limejaa."

"Miguu haitapona ukiendelea kula kwa watu wawili," daktari alisema.

"Ni yangu."

"Nyie mnaniongelea kama nimeshakufa nikalazwa chumba cha ndani," Sechelela aliwakatiza. "Niacheni nifikiri."

Alifikiri, ndiyo, lakini alifikiri huku anakula. Hilo nikwambie ukweli wake. Siku zilizofuata aliagiza kama mtu anayefungasha safari. Aliagiza mlenda wa karanga na ugali wa uwele. Aliagiza maziwa mgando, kashata, ini la kukaanga na vitunguu, chipsi zilizomwagiwa mayai. Nyemo alipika, akala, akaenda kunywa maji, akarudi. Utani ulipungua. Na nyuma ya kila tonge, muda mfupi tu baada ya Sechelela kusema "ongeza", udongo ulikuja ukatanda juu ya utamu kama vumbi kwenye maziwa. Alidhani ni bahati mbaya. Akaagiza vitamu zaidi ili vifunike.

Jioni alikuwa akijiambia: kesho. Yule kijana ana siku nyingine moja. Wazee wengine wapo, kwa nini iwe mimi? Nimelima tangu nikiwa na meno ya maziwa, nimezaa, nimezika mume, kilichobaki changu duniani ni utamu huu wa kuazimwa. Halafu anaogopa sauti ya mawazo yake, anamwita Nyemo amsimulie chochote.

*

Siku aliyoshindwa kukaa nyumbani ilikuwa tena mchana, jua limesimama. Tangu asubuhi udongo ulikuwa umeanza kuja na damu ndani yake. Alimwambia Nyemo amshike mkono.

"Tunakwenda kufanya nini, Bibi?"

"Kumwona mgonjwa. Mtu haendi kumwona mgonjwa?"

Nyemo hakuuliza tena, ila alipita shambani kwanza akatoka na kikapu cha zabibu nyeusi, zimeiva mpaka zinanuka kama mvinyo. Walitembea wakipumzika, mmoja kwa uzee na mwingine kwa ugonjwa usio wa umri wake. Mtu asiyewajua angeshindwa kusema nani anamkokota nani.

Ukuta wa tembe sasa ulikuwa umebomoka upande, dari imelala. Malogo alikuwa amekaa katikati ya kifusi, miguu ameinyoosha. Alikuwa ametulia. Mikono imelegea mapajani, mdomo umefungwa, macho yamefumbwa nusu. Udongo ulikauka kwenye mashavu yake. Sechelela alishukuru kimoyomoyo. Labda imeisha yenyewe, alijisemea. Labda lile neno halihitajiki.

"Amepumzika," alinong'ona.

"Bibi." Nyemo alikuwa ametua kikapu. Alijitahidi kutabasamu. "Mke mwenzangu. Kama umekuja kulisema, ulijue basi kwamba sikubali. Na kama utalisema nisipokubali, ngoja kwanza nile hizi. Usiende mikono mitupu."

Akatia zabibu moja mdomoni, akaipasua.

Maskini, utamu ule! Ulianza mkali kwenye ngozi, ukafunguka, ukamwagika, baridi ya asubuhi bado imo ndani ya tunda. Sechelela aliona mashamba ya ujana wake, akaona mikono ya mumewe imepakwa rangi ya zambarau. Machozi yalimtoka. Ulimi wake ulikuwa umeshasema kabla moyo haujaulizwa.

"Ongeza," alisema.

Nyemo alichukua zabibu nyingine. Na pale kwenye kifusi, wakati ule ule, bila kufumbua macho zaidi, Malogo aliinua mkono. Mikono miwili ilipanda pamoja, wa msichana na wa kijana, kama ya watu waliofundishwa ngoma moja. Mmoja ulibeba zabibu. Mwingine ulibeba bonge la ukuta lenye jiwe ndani.

Mikono ikafika midomoni pamoja. Sechelela alisikia vyote viwili, utamu na jiwe likivunja jino.

"Mungu wangu," Nyemo alisema, vidole bado viko mdomoni. "Bibi, sema tena. Hapana! Usiseme tena."

Sechelela hakuwa na haja ya kusema tena. Alikuwa ameona. Mlenda ule, kashata zile, ini, mayai. Kila alipokaa kibarazani akaagiza, huku nyuma ya tembe mkono ulikuwa unapanda. Neno la marehemu lilikuwa limeshachakaa siku nyingi. La kwake ndilo lilikuwa linamlisha Malogo ukuta, na "basi" yake ilimpumzisha tu mpaka agizo lijalo.

Alimwachia Nyemo mkono. Akapiga hatua juu ya kifusi, akateleza, akashuka kwa magoti, akasogea hivyo hivyo kwa magoti mpaka akafika mbele ya kijana. Hapo karibu kijana alinuka kama nyumba baada ya mvua. Tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka kwa shida.

"Usifanye, Bibi," Nyemo alilia nyuma yake. "Utakula nini? Utakula kwa ajili ya nini?"

"Nitakula uji, na wewe utakaa mbele yangu unisimulie ulivyo. Utanidanganya kwamba una asali."

"Mimi sijui kudanganya."

"Utajifunza. Ukinipikia vibaya sitajua, ndiyo faida yako."

Nyemo alicheka na kulia kwa pamoja, na katika kucheka zabibu iliyobaki mdomoni mwake ikapasuka. Utamu ukamjaa Sechelela tena, mzima mzima, mpaka kooni. Angeweza kungoja uishe. Nusu dakika tu, nani angemlaumu?

Malogo alifumbua macho. Hayakumpita bibi safari hii, yalisimama usoni kwake, yakamtafuta mtu aliyekuwa humo.

"Umeshiba, Babu?"

Sechelela alimshika mashavu kwa viganja viwili, zabibu bado inatiririka juu ya ulimi wake, na akamjibu.

"Nimeshiba, mjukuu wangu."